Anza na Mtaro

Ukiingizwa kwenye chumba chenye mji wa treni za modeli, jicho hukimbilia juu: maghorofa, madaraja, madirisha yanayowaka. Mwenye mji ndivyo anavyotaka. Usimfuate. Inama mpaka macho yalingane na meza, kisha tafuta pale lami inapokutana na njia ya waenda kwa miguu. Fundi hujulikana kwenye mtaro.

Rod Stewart, yule mwimbaji wa Uingereza mwenye sauti ya kukwaruza, analijua hilo. Ghorofani kwenye nyumba yake ya Los Angeles alijenga kwa zaidi ya miaka 20 mji aliouita Grand Street and Three Rivers City. Ni Marekani ya miaka ya 1940, New York na Chicago zimechanganywa, na ulikula karibu mita za mraba 140. Akiwa ziarani alikodi chumba cha ziada hotelini, akakigeuza karakana. Mwaka 2019 alipouonyesha kwa jarida la Railway Modeller, moja ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba njia za miguu zisiwe safi mno. Mtu anayejisifu angetaja urefu wa maghorofa.

Sasa tazama kwa karibu. Fundi wa kawaida hupaka njia nzima kijivu kimoja, akamaliza kwa kunyunyiza vumbi jeusi sawasawa kila mahali, kama anayetia chumvi kwenye mboga. Fundi hodari hufuata maji. Weusi huzidi pale maji yanaposimama, chini ya bomba la paa, kwenye kona iliyobonyea. Katikati ya njia soli za watu zimesugua pakabaki peupe. Mahali pa kuegesha magari pana matone ya oili, nayo yako chini ya injini, si chini ya buti. Kila doa uliulize limetoka wapi. Likikosa jibu, hilo ni pambo tu.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Mmarekani George Sellios, wa Peabody, Massachusetts, ndiye aliyewafundisha wengi kupenda mji uliochakaa. Reli yake ya Franklin & South Manchester ni New England wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930: mabango yaliyofifia, mapaa yenye viraka, ngazi za mbao zilizopinda. Kazi ile ni ya ajabu. Hata hivyo, mimi naona kila jengo pale limezeeka kwa pamoja. Hata mji maskini una mtu aliyepaka mlango wake rangi juzi.

Kwenye ukuta wa tofali, hesabu inasaidia. Miji mingi ya aina hii hujengwa kwa skeli ya H0, yaani 1:87. Mstari wa saruji wa sentimita 1 kati ya tofali na tofali unabaki kama sehemu ya kumi ya milimita, na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara hauoni. Kwa hiyo ukikuta mistari myeupe inayong'aa, fundi kasahau uwezo wa jicho. Anayejua hupaka rangi nyepesi ya maji, akaifuta na kitambaa kabla haijakauka, ukuta ukabaki na ukungu tu wa saruji.

Hesabu hiyohiyo itakufundisha kuwasamehe mafundi. Paa la jengo la Empire State liko mita 381 kutoka chini. Kwa 1:87 lingetaka zaidi ya mita 4, na dari ya nani itamudu? Maghorofa ya Stewart yanafika kama mita moja na nusu, sawa na jengo halisi la mita 130. Kufupisha kunaruhusiwa. La kuangalia ni kama ufupi huo unajificha: je, ghorofa za chini zina urefu wa kweli, na milango inapitisha watu waliosimama mbele yake? Kona za reli nazo ni uongo wa lazima. Kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 60 ingekuwa mita 52 tu katika uhalisia, na hakuna treni ya abiria ya njia kuu ambayo ingeipita bila balaa. Mji una bahati kwamba una majengo. Fundi mwerevu huiweka kona nyuma ya ghala, treni ikapotea na kutokea upande mwingine, nawe hukuona ilivyojikunja.

(Kwa anayewaza kujenga reli ya kwetu: reli ya H0 ya dukani ina upana wa milimita 16.5, inayolingana na reli ya kisasa ya SGR. Reli ya zamani ya mita moja inataka milimita 12. Kichwa cha treni cha zamani juu ya reli pana ni kosa ambalo mzee yeyote aliyefanya kazi ya reli ataliona akiwa bado mlangoni.)

Kisha toa saa yako. Treni ya kilomita 60 kwa saa, kwa skeli hii, inatembea sentimita 19 hivi kwa sekunde. Meza ya mita 3 itaichukua sekunde 16. Nyingi nilizopima zilimaliza kwa tano.

Subiri usiku. Kule Hamburg, kwenye Miniatur Wunderland iliyofunguliwa mwaka 2001, giza huja lenyewe kila baada ya dakika chache, na hapo ndipo jengo baya huumbuka: mwanga unavuja chini ya kuta, plastiki inawaka kama taa ya kandili. Jengo zuri lina vyumba vilivyozima, kimoja cha manjano, kingine cheupe, na ngazi yenye taa hafifu.

Mwisho, usiharakishe kuuliza nani kajenga. Mtangazaji mmoja wa BBC alipodokeza redioni kuwa Stewart alijengewa, mwenyewe alipiga simu studio kubisha: asilimia 90 ni mikono yake, isipokuwa umeme, ambao haumudu. Basi ukiruhusiwa, chungulia chini ya meza. Nyaya zilizofungwa kwa mafungu na kuandikwa namba zitakuambia kama treni hizo zitatembea tena mwezi ujao.