Amana ya Sanaa na Watawalli Wake



Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda ukaona si la ukurasa huu, nalo ni mifuko inayotoa fedha kwa ajili ya sanaa, na namna mifuko hiyo inavyoongozwa. Utauliza: Sheikh, wewe na sanaa wapi na wapi? Jawabu ni kwamba hatukuja hapa kutoa hukumu ya ngoma wala ya zumari. Hayo maulamaa wamekwisha kuyaeleza, wamekhitalifiana, na vitabu vyao vipo. Lakini mkono unaoandika khati ya msikitini, unaochonga mlango, unaosuka mkeka na kushona kofia, na ulimi unaotunga kasida, vyote hivyo vinafanya kazi ya sanaa. Na mtu akikabidhiwa fedha za watu azigawe kwa ajili ya kazi hizo, basi amekabidhiwa amana. Mwenye amana ataulizwa aliihifadhi vipi, hata kama iliwekwa kwa ajili ya shanga na rangi.

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru tuna sababu zaidi ya kulisema jambo hili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza makao yake yalikuwa hapa Arusha, ikavunjika mwaka 1977. Mkataba mpya ukatiwa saini hapa hapa tarehe 30 Novemba 1999, na kifungu chake cha 119 kinazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni na michezo. Nchi zilizokuwa tatu sasa zimekuwa nane. Na kweli kimefanyika kitu: tamasha la utamaduni liitwalo JAMAFEST lilianza Kigali mwaka 2013, likaenda Nairobi mwaka 2015, Kampala mwaka 2017, Dar es Salaam mwaka 2019, na Bujumbura mwaka 2022. Hilo ni jambo la heri, watu wakajuana. Lakini, ndugu yangu, tamasha ni karamu. Karamu ikiisha, majamvi hukunjwa na wageni hurudi makwao. Fundi wa Tengeru anayehitaji mbao mwezi huu, na mwenziwe wa Gitega anayehitaji ngozi ya kuwambia ngoma, hawawezi kungoja karamu ijayo. Wao wanahitaji mfuko uliosimama, wenye mali yake na sheria moja kwa wote. Mfuko wa namna hiyo, wa eneo letu zima, sisi hatujauona ukisimama hapa.

Si kwamba hapana aliyejaribu. Tutazame mifano mitatu katika nchi yetu, kisha tuone maradhi yako wapi.

Wa kwanza ni Mfuko wa Utamaduni Tanzania. Huu ulianzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Serikali yetu na Sweden. Ukasaidia wasanii, na ukatoa Tuzo ya Zeze, ambayo marehemu Bi Kidude aliipata mwaka 1999. Kisha msaada wa nje ulipokatika, mfuko ukalala usingizi wa miaka mingi, mpaka Serikali ilipouamsha tena katika miaka hii ya 2020, sasa ukiwakopesha wasanii kupitia mabenki. Wa pili ni tamasha la Sauti za Busara la Unguja, linaloendeshwa na shirika lisilo la faida. Lilifanyika kila mwaka tangu 2004, lakini mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Likarudi mwaka 2017. Wa tatu ni chuo cha muziki wa nchi za jahazi, hapo hapo Unguja, kilichoanzishwa mwaka 2002 kufundisha taarabu, udi, kanuni na vyombo vingine vya wazee wetu. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba kiko karibu kufunga milango, kwani wafadhili wake wamekwenda zao.

Hatusemi kwamba yeyote katika hawa alifanya khiyana. La, hasha! Wengi wao walifanya kazi kwa ikhlasi na kwa mishahara midogo. Lakini ukiwatazama wote watatu utaona jambo moja linalojirudia: mwenye kutoa aliponyanyuka, shughuli ilitetereka. Na watu wakasema, tumekosa wafadhili. Sisi tunasema maradhi yalianza kabla ya hapo, siku ile mfuko ulipofunguliwa bila ya kuwa na asili yake. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na hapa Arusha hatukuhitaji hata wahenga, kwani Azimio lililotangazwa katika mji huu mwaka 1967 lilionya waziwazi juu ya kutegemea fedha, na hasa misaada na mikopo ya nje. Tumelijengea Azimio mnara, tunaupita kila siku tukienda sokoni, lakini onyo lenyewe tumeliacha pale pale mnarani.

Basi asili ya mfuko ni nini? Katika dini yetu jambo hili lina jina, nalo ni wakfu. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah ziwe juu yake, alipata ardhi nzuri Khaybar, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, kumtaka shauri. Akashauriwa alizuie shina na ayatoe sadaka matunda yake. Ikawa ardhi ile haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, na mazao yake yakaenda kwa mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Tena yakawekwa masharti ya msimamizi, ambaye huitwa mtawalli: hana dhambi kula katika matunda yale kwa kiasi cha wema, maadamu hajilimbikizii mali. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno machache yalivyokusanya elimu nzima ya kuendesha mfuko. Shina haliguswi. Matunda yana wenyewe wanaojulikana. Msimamizi analipwa, lakini hatajiriki.

Na kama mtu si Muislamu, au hapendi kusikia habari ya wakfu, basi na apande huku mlimani awatazame Wameru na Waarusha na mifereji yao. Maji yanashuka kutoka Meru, yanapita katika mashamba ya migomba na kahawa, na kila mfereji una kamati yake. Zamu zinajulikana. Siku ya kuusafisha mfereji watu hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa faini. Aliye juu hana rukhsa ya kuyakata maji yote akamwacha wa chini akitazama mchanga. Haya ni maarifa ya wazee ambao hawakusoma uongozi wa mashirika chuoni, na mifereji yao imedumu kuliko mashirika mengi yaliyosajiliwa.

Sasa linganisha na namna mifuko mingi inavyokwenda. Fedha hutolewa kwa mradi wa mwaka mmoja au mitatu, na sharti lake ziishe kabla ya tarehe fulani. Kwa hiyo msimamizi husifiwa kwa kumaliza. Hakuna anayemwuliza amebakisha nini! Kisha bodi. Mara nyingi wanaoitwa bodini ni wasanii wenyewe, ambao kesho wataleta maombi ya fedha mbele ya bodi hiyo hiyo. Hili tumeonywa nalo pia. Mtume alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi mimi. Mtume akasimama juu ya mimbari akauliza, lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hiyo ingemfuata? Basi na sisi tuwaulize wajumbe wa bodi: lau usingekuwa mjumbe, ruzuku hii ungeipata? Azimio la Arusha nalo lilikuwa na miiko yake, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa wala ukurugenzi katika kampuni za watu binafsi. Miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini maana yake haikulegea: mtu mmoja hawezi kukaa pande mbili za meza.

Liko na la lugha. Tunamjua mwalimu mmoja wa khati hapa mjini, mtu mzima, mwenye mkono mzuri. Alikuwa na vijana wanane anaowafundisha kuandika kwa kalamu ya mwanzi. Akaambiwa upo mfuko unaosaidia kazi kama hizo. Akaenda, akapewa fomu za Kiingereza, kurasa kumi na zaidi, zikimtaka aeleze malengo na matokeo na viashiria. Kiarabu anakijua na Kiswahili anakijua, lakini fomu zile hazikuuliza kwa lugha hizo. Hakuna aliyemkatalia, na hakuna aliyemsaidia. Wale vijana wanane leo wawili wanaendesha bodaboda, mmoja yuko Mererani kwenye machimbo, na waliobaki hatujui walipo. Elimu ya kalamu ile akifa mwalimu inazikwa naye. Na hali ni moja kwa akina mama wa Kiarusha na Kimasai wanaotunga shanga: kazi yao iko katika kila duka la vinyago hapa mjini, lakini mtu wa kuwaendea na fomu wanayoweza kuisoma hayupo. Mkataba wenyewe wa Jumuiya, kifungu cha 137, unataka Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wetu. Kwa nini basi msanii wa Afrika Mashariki aombe mkate wake kwa lugha ya mgeni?

Kwa hiyo, lau mfuko wa sanaa wa eneo letu utasimama hapa Arusha, sisi tunaona masharti matano hayaepukiki.

Kwanza, uwe na shina: jengo la kupangisha, shamba, au mtaji uliowekwa mahali pa halali, na katiba iseme wazi kwamba shina haliliwi hata kama wajumbe wote watakubaliana kulila. Katika kila msaada unaoingia, fungu litengwe liongezwe humo.

Pili, mjumbe wa bodi asiombe fedha za mfuko muda wote wa ujumbe wake, wala mkewe, wala mwanawe, wala kikundi chake. Na ujumbe uwe na ukomo. Mwanzilishi anayekaa kitini mpaka anazeeka huwa amegeuza wakfu kuwa urithi.

Tatu, hesabu ziwe wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali, namba 24 ya mwaka 2002, inataka taarifa ya kazi kila mwaka pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Hilo ni la kumridhisha msajili. La kumridhisha Mungu na watu ni kubandika ukutani, kwa Kiswahili: nani kapewa, kiasi gani, na kwa kazi gani.

Nne, gharama za uendeshaji ziwe na mpaka. Msimamizi ale kwa wema. Semina za hotelini, posho za vikao, na magari yenye nembo, hayo yote ni maji yanayovuja kabla ya kufika shambani.

Tano, mgao ufuate haki. Aliye mbali na mji atafutwe. Anayenyimwa aelezwe sababu kwa maandishi. Na asiyetaka mkopo wenye riba asiambiwe kwamba hakuna njia nyingine.

Utasema: maneno mazuri, lakini shina litatoka wapi, na sisi ni maskini? Jawabu: mji huu una mahoteli, makampuni ya utalii, na wafanyabiashara wa madini, na wengi wao hupamba kumbi zao kwa kazi za hao hao mafundi. Wakitoa mara moja kwa ajili ya shina, hawatasumbuliwa kila mwaka kwa ajili ya karamu. Na kidogo kinachobaki ni bora kuliko kingi kinachokwisha.

Wala usidhani tunasema wakfu ni dawa ya kila kitu. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba nyingi pale ni za wakfu, na nyingine zimekuwa magofu, kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na watawalli walilala. Wakfu bila ya mtawalli mwaminifu ni ukuta unaosubiri mvua. Ndiyo maana tumeanza na amana kabla ya fedha. Fedha hupatikana kwa barua. Mtu mwaminifu hapatikani kwa barua, hulelewa, tena hulindwa kwa sheria ili asijaribiwe kupita kiasi.

Basi wewe uliye katika bodi ya mfuko wowote, mdogo au mkubwa, katika kikao chenu kijacho omba uoneshwe mambo mawili: shina la mfuko liko wapi, na orodha ya waliopewa mwaka jana. Likikosekana moja, usitie saini mpaka lipatikane. Na wewe uliye fundi, usiione haya kuuliza, kwani ni haki yako.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozitunza amana zao, na atuepushe na kula cha wengine tukidhani ni chetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.