Ufundi wa Kumvusha Mtoto Mgonjwa

Mhudumu wa afya ya jamii akiitwa usiku huko Kawangware 56, Nairobi, kwa mtoto anayehema, haanzi kwa kukimbia. Huketi, humwomba mama amfungue mtoto kifua, kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua kwa kasi. Nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila anapovuta pumzi, hali hiyo haingoji kuche.

“Mama, ananyonya?”

“Amekataa tangu jioni.”

Kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea asiamke: hata moja kati ya haya latosha kuwatoa mama na mtoto nje. Lakini mwenye kuharisha ambaye bado anakunywa, macho hayajadidimia, huenda akabaki na maji ya ORS na vidonge vya zinki, aangaliwe hapo hapo. Naustahi sana uamuzi huu wa kutokwenda. Siku za fujo, mtaa unapogawanyika kikabila, kila safari isiyo ya lazima humweka hatarini mtoto ambaye angepona nyumbani.

Mpaka wa mtaani hauna mnara. Ni kichochoro, ni steji, ni ng’ambo ya barabara ulikonunua mkaa jana. Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, Kawangware iligawanyika hivyo na vibanda vikachomwa. Isitoshe, wauguzi wa kaunti walikuwa wamegoma tangu Juni, na mgomo haukuisha hadi Novemba. Kumfikisha mtoto ng’ambo hakukuwa na faida ikiwa mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli. Ndiyo maana mjuzi wa kazi hii hupiga simu kabla ya kufunga leso: nani yuko zamu, dawa ipo, njia ya kituo cha afya cha Riruta inapitika au ni heri hospitali ya Mbagathi?

Kisha kuna karatasi. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi ya 2007–2008, watu walidaiwa vitambulisho vizuizini ili jina lifichue kabila. Kadi ya kliniki nayo ina jina, na daktari anaihitaji kujua uzito na chanjo. Basi haiachwi nyumbani, wala haishikwi mkononi. Kinachotangulizwa ni uso wa mhudumu mwenyewe.

Uso huo hautengenezwi usiku mmoja. Mhudumu mmoja hukabidhiwa kaya 100 hivi, naye huzizunguka miaka nenda miaka rudi, akipima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi na kuulizia chanjo. Kijana anayelinda kizuizi huenda ni kaka wa mtoto aliyepimwa naye. Mhudumu akisema, “Mwanangu, tupishe, huyu anaumwa,” hasemi na mgeni. Serikali ilianza kuwalipa wahudumu hawa posho na kuwapa mikoba ya vifaa nchi nzima mwaka 2023. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, wengi walijitolea tu.

Akifika zahanati hajisifu kwa njia aliyopita. Hukabidhi fomu ya rufaa, MOH 100, na kueleza: pumzi ngapi, tangu lini, amepewa nini. Hungoja sehemu ya chini ijazwe, inayoeleza mtoto atunzwe vipi akirudi nyumbani, kwa sababu dawa iliyoanzwa ng’ambo hii italazimika kumaliziwa ng’ambo ile, na atakayesimamia dozi ni yeye.