Pomona na Ukungu wa Picha

Wengi wetu hudhani kuwa picha njema ni ile iliyo wazi. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoitazama Pomona, picha iliyopigwa na Julia Margaret Cameron huko Uingereza mwaka 1872. Katika ngano za Warumi wa kale, Pomona alikuwa mungu wa kike aliyelinda miti ya matunda. Katika picha ni msichana aliyesimama mbele ya majani, nywele zimemwagika mabegani, na kingo za umbo lake zinayeyuka kama ndoto ya alfajiri.

Cameron alipata kamera yake ya kwanza mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Wapinzani wake walimlaumu kwamba hakuijua kazi, maana picha zake zilikuwa na ukungu. Hoja hiyo niliwahi kuiamini, ikaniponza. Zamani fundi mmoja alimpiga mama yangu picha chini ya mwembe wetu Kilosa. Upepo ulipeperusha kanga, naye akatikisika. Mwili wote ukatokea kama moshi. Fundi alisema picha imeharibika, nami nikakubali itupwe.

Lakini asafiriye alfajiri kutoka Kilosa kwenda Mikumi huitambua ile mivumo iliyoupa mji jina lake, kabla ukungu haujainuka. Haoni jani hata moja, umbo lamtosha. Ndivyo ngano zitujiavyo, na ndivyo Cameron alivyomleta Pomona.

Hata hivyo, picha hii si ndoto tupu. Msichana yule ni Alice Liddell, aliyekuwa na miaka 20. Ndiye aliyesimuliwa na Lewis Carroll hadithi ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 1858 Carroll alimpiga picha amevaa matambara ya ombaomba. Cameron akamvika jina la mungu. Yeye anamtazama mtazamaji sawasawa, kama mtu aliyechoka kuitwa kwa majina ya wengine. Hapo naona ubora wa kazi hii: ukungu wamfanya mungu, macho yamrudisha kuwa mtu.

Nakumbuka sasa kwamba katika moshi ule wa Kilosa macho ya mama yalionekana. Laiti ningalijua kuitazama picha, nisingaliacha itupwe.