Wanaofanana si Wamoja

Inua jiwe katika kijito cha mlimani, pale maji yanapokwenda kasi, uligeuze taratibu. Ukibahatika utamkuta mdudu bapa wa rangi ya udongo, amejibana kwenye jiwe na kukimbilia upande wenye kivuli. Ana mikia miwili mirefu, na kila mguu wake unaishia kwa kucha mbili. Chini ya kifua, miguu inapoanzia, ana vishada vya nyuzi nyeupe: hayo ndiyo mashavu yake ya kupumulia. Mtie kwenye sahani ya maji yaliyotulia, na baada ya muda ataanza kujiinua na kujishusha kama kijana anayepiga pushapu. Hewa imempungukia, naye anayasukuma maji yapite kwenye nyuzi zile.

Huyo ni tunutu wa plekoptera, oda ya wadudu yenye spishi zaidi ya 3,500 zinazojulikana duniani. Huishi majini kwa miezi, wengine kwa miaka, kisha hupanda juu ya jiwe, ngozi ikapasuka mgongoni, wakatoka wenye mabawa. Katika mito ya Afrika Mashariki na Kongo karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Wapange mezani waliokomaa: wote wa manjano au kahawia, mabawa yamelala mgongoni. Jicho la kawaida litasema ni hao hao.

Hata jicho la bingwa lilisema hivyo. H. B. N. Hynes alikuwa mmoja wa waliojua zaidi maisha ya mito katika karne ya 20. Kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu ikolojia ya maji yatiririkayo kilisomesha kizazi kizima. Mwaka 1952 aliwapitia Neoperla wa Afrika, na majina mengi waliyokuwa wamepewa akayaweka chini ya jina moja, Neoperla spio. Kwa vielelezo alivyokuwa navyo, aliona spishi moja yenye sura zinazobadilikabadilika. Haukuwa uzembe. Mwanasayansi mwaminifu haoni fahari kuongeza majina asiyoweza kuyatetea.

Jibu tofauti na hilo la Hynes lilianzia kwenye kijito kidogo cha Ujerumani. Mwaka 1969, katika kituo cha utafiti wa mito cha Schlitz, Joachim Illies alijenga nyumba ya vioo juu ya kijito cha Breitenbach. Maji yalipita chini kama kawaida, lakini kila mdudu aliyeota mabawa na kuruka alinaswa, akahesabiwa na kutambuliwa. Miaka michache baadaye utafiti wa namna hiyo ukafanywa Kivu, mashariki mwa Kongo, kwenye kijito cha Kalengo. Mwaka 1976 Peter Zwick wa Schlitz akachapisha makala kuhusu Neoperla waliotoka katika kijito kimoja cha mlimani cha Afrika ya Kati. Hawakuwa wa aina moja. Maji yale yale, mawe yale yale, yalikuwa yakilea spishi kadhaa bega kwa bega.

Ili kuwatenganisha, rangi haisaidii wala mabawa hayasaidii sana. Dume hutolewa kwenye spiriti, ncha ya tumbo ikakatwa na kulowekwa katika potasa kali ya moto, mpaka nyama iyeyuke libaki gamba. Ndani ya gamba hilo umekunjwa mfuko laini wa uzazi. Mtafiti huuvuta kwa sindano nyembamba chini ya hadubini na kuupindua, wa ndani uwe wa nje. Hapo ndipo vijiba huonekana: vimejaa wapi, pametupu wapi, vimeelekea upande gani. Mkono ukitetemeka mfuko unachanika, na pengine dume huyo ni wa pekee kutoka mto ule. Jike naye hutambuliwa kwa mayai yake. Ganda la yai moja, dogo kama punje ya chumvi, lina matuta na vishimo ambavyo hadubini ya elektroni huvionyesha wazi. Kisha huja kuchora, kulinganisha na vielelezo vya zamani makabatini, na kuandika lebo: mahali, tarehe, jina la aliyemkamata.

Mwaka 2023 Peter Zwick, pamoja na Andreas Zwick, alichapisha mapitio mapya ya Neoperla wa Afrika, safari hii umbo la mdudu likisaidiwa na ushahidi wa vinasaba. Tangu makala ya 1976 ilikuwa imepita miaka 47. Naistahi sana subira hiyo. Mtu anamrudia mdudu asiyeuma, asiyeliwa, asiyeuzwa, kwa sababu tu swali lake halijajibiwa vizuri.

Wapo watakaouliza kazi hii yatufaa nini. Jibu moja liko Tanzania. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Jenny Day na Helen Dallas, walichapisha TARISS, mfumo wa kupima afya ya mto kwa wadudu na viumbe wengine wadogo wanaoishi humo, uliojengwa juu ya SASS, mfumo wa namna hiyo wa Afrika Kusini. Plekoptera ni miongoni mwa wanaoheshimiwa zaidi katika vipimo vya ukoo huu: kwenye miniSASS, toleo rahisi la SASS linalotumiwa hata na watoto wa shule, wao wana alama 17, ilhali minyoo ina 2. Wanataka maji baridi, safi, yenye hewa tele. Mto ukichafuliwa huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka.

Lakini vipimo hivyo huishia kwenye familia au kundi. Kijito kikipoteza Neoperla watatu kati ya wanne, karatasi ya alama itaandika kama jana: wapo. Hasara hiyo ataiona tu anayejua kwamba walikuwa wanne.

Illinois, nchini Marekani, waliiona. Mwaka 1935 Theodore Frison alichapisha kazi yake juu ya plekoptera wa jimbo hilo, na vielelezo vikahifadhiwa pamoja na lebo zake. Miaka 70 baadaye, mwaka 2005, R. Edward DeWalt na wenzake walizirudia lebo zile na kuzilinganisha na walichokipata wenyewe mitoni. Kati ya spishi 77 zilizowahi kurekodiwa, 22 hazikuwepo tena jimboni. Zaidi ya robo zimekwenda, na hakuna ambaye angeweza kulisema hilo kwa uhakika kama Frison na wasaidizi wake wangeridhika kuandika "plekoptera" peke yake.

Ndiyo maana naona utambuzi wa spishi ni kazi ya ulinzi. Vijito vya Uluguru, Usambara, Rwenzori na Kivu vinakatiwa misitu na kufikiwa na mashamba, na viumbe wake wengi bado hawajapita mikononi mwa mtu anayeweza kuwatenganisha. Mtu huyo haoti porini. Anafundishwa kwa miaka, anahitaji hadubini nzuri, kabati lisiloingiwa na unyevu, na mshahara usiomlazimu kutafuta kazi nyingine. Vyuo vyetu na makumbusho yetu vikimwajiri leo, wajukuu watakuwa na orodha ya kweli ya kulinganisha na mito yao. Tukimkosa, mito itapungukiwa nasi tutaendelea kuandika kwamba wote wapo.