Sare ya Arusi na Kikwembe cha Mama

Hapa Nyarugusu mtu akipata kadi ya arusi, swali la kwanza si tarehe. Ni hili: "Yaya, weye utavala nini?" Mwaka huu nimeulizwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu kamati ilikuwa imekwisha kunijibia: sare. Kitenge kimoja, rangi moja, maua yaleyale, kwa wamama wote wa upande wa bibi arusi. Wenzangu katika kurasa hizi wanachambua vitabu. Mie naomba nichambue kitambaa, maana kwetu kitambaa nacho kinasomwa.

Wenyeji wetu Watanzania wanalijua hilo vizuri. Kanga yao ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yaliyochapwa chini. Mtu mwenye neno na jirani yake hafungui mdomo. Anajifunga kanga na kupita mlangoni. Kikwembe chetu hakina maandishi, lakini nacho kina jina, na jina halitoki kiwandani. Vlisco wako Helmond, Uholanzi, tangu 1846, lakini ni wanawake wauzaji sokoni Afrika ndio wanaotazama ua na kulibatiza. Kuna moja linaloitwa "Mon mari est capable", mume wangu anaweza. Ukilivaa arusini umekwisha sema, hata ukikaa kimya mpaka keki ikatwe.

Sasa, sare inasema nini? Inasema neno moja tu: sisi ni wamoja. Na nikiwa mkweli, ni neno zuri. Siku ya mgao tunapanga foleni kila mtu na alichonacho, kandambili na fulana ya mtumba. Jumamosi wanawake arobaini wanaingia hemani wakicheza, wa Fizi na wa Uvira na jirani zetu Warundi waliokuja 2015, na kitambaa ni kimoja. Huwezi kujua nani kalala njaa. Mwaka wa kwanza nilipoona hivyo nililia. Nani atasema ni ubaya?

Lakini sare ina bei, na hapo ndipo maana yake inapogeuka. Pande la kitenge na fundi cherehani, libaya ikatoka na vikwembe vyake viwili kama inavyompasa mwanamke wa ndoa, hiyo ni pesa ya mwezi. Mgao wenyewe umepunguzwa. Jirani yangu aliuza unga na mafuta ya watoto ili apate sare ya arusi ya pili. Mwingine hakuuza kitu. Siku ya arusi akaugua. Jumatatu alikuwa kisimani, mzima kabisa. Sisi tunaita homa ya sare. Tunacheka, lakini ni ugonjwa wa kweli: mtu anakosa kumwona mtoto aliyemlea kwa sababu hana kitambaa. Basi ile sare inayosema sisi ni wamoja inasema pia, kwa sauti ya chini, nani si mmoja wetu.

Wazee wetu wanaikumbuka sare nyingine. Wakati wa Zaire, Mobutu alipiga marufuku suti na tai. Wanaume wakavaa abakosti, na wanawake wakaambiwa kikwembe, si suruali. Tai zilirudi 1990 tu. Kuna watakaoniambia hiyo ilikuwa amri ya serikali, na hii yetu ni mapenzi. Ni kweli. Lakini amri ya rais unaweza kuilaumu ukiwa nyumbani na mlango umefungwa. Amri ya kamati ya arusi utamlaumu nani? Ni shangazi yako, ni mwenzako wa kwaya.

Arusi ya tatu ilikuwa ya binti wa mdogo wangu. Mdogo wangu alisema, "Yaya, nitakukopea pesa ya sare." Alikuwa anadaiwa tayari na watu wanne. Nikakataa, na sitajifanya shujaa: nilikataa kwa hasira. Nikafungua sanduku nikatoa kikwembe cha mama. Ni kile tulichovuka nacho Ziwa Tanganyika kutoka Baraka mwaka 1996. Rangi ya bluu imekuwa kijivu, na upande mmoja una kiraka. Nikakipiga pasi ya mkaa, nikaenda.

Mlangoni pa hema kijana wa kamati alinitazama kwa adabu. "Mama, wa sare mbele, wengine nyuma." Nikakaa nyuma, mie mama mkubwa wa bibi arusi. Chakula kilitufikia mwisho, wali bila nyama.

Bibi arusi alipozunguka kusalimu wageni alifika nyuma kwetu. Alishika pindo la kikwembe, akauliza, "Hiki si cha koko?" Nikasema ndiyo. Akasimama hapo kidogo, mkono ungali kwenye kile kiraka. Halafu akaitwa mbele kwenye picha. Kwenye picha hizo mie simo.

Sisemi sare ife. Nasema ipunguzwe iwe ndogo kiasi cha kila mtu kuifikia. Pande moja la yadi sita, ukikata yadi moja moja, linafunga vichwa vya wanawake sita. Kitambaa cha kichwa kiwe kimoja kwa wote, na chini kila mama avae anachoweza: libaya mpya, imvutano ya Burundi, kanga yenye jina lake, au kikwembe kilichovuka ziwa. Hapo hema litasema sisi ni wamoja, na kila nguo itabaki na neno lake la kusema. Mie kama msomaji wa vitambaa, hema la namna hiyo lingenifurahisha kuliko wanawake arobaini wenye ua moja.

Binti wa pili wa mdogo wangu anaolewa Desemba. Nimempelekea mama yake wazo hili. Amesema ataongea na kamati. Bado nangoja, na kikwembe nimekwisha kifua.