Kidole Kwenye Jina la Mama

Ukitaka kumtambua mjuzi wa nasaba huku Uluguru, mfungulie kitabu cha zamani cha ubatizo, kisha angalia kidole chake kinatua wapi. Sisi wengine tunatafuta jina la mtoto, tunasoma la baba, tunadhani tumeshapata. Mjuzi hupita hapo kimya. Huteremka mpaka kwenye jina la mama, na hapo ndipo anapovua miwani, anaifuta, anaivaa tena na kuanza kazi.

Niliyemwona akifanya hivyo ni mzee mmoja wa upande wa Matombo, aliyekuwa katekista kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Watu humwendea wanapotaka kujua wametoka wapi. Naye huwaongoza kwa ruhusa ya paroko, ndani ya ofisi ya parokia, kwa kuwa vitabu vile havitoki nje. Nilikaa naye asubuhi nzima. Alifungua kurasa nne tu.

Kidole kinatua kwa mama kwa sababu Mluguru ni wa lukolo wa mama yake. Lukolo ni ukoo, na koo za Waluguru zinakaribia 50. Kila ukoo una matawi, na tawi huitwa tombo, neno lile lile la titi la mama: walionyonya titi moja. Vilima pacha vilivyoipa Matombo jina lake vina maana hiyo hiyo. Ardhi ya ukoo, nafasi ya mndewa anayeisimamia, na haki ya kuita majina ya wahenga wakati wa tambiko, vyote vimefuata upande wa akina mama, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Baba naye hatupwi. Ukoo wake kwa mtoto huitwa mtala, na mtoto huchukua jina kutoka upande huo. Kwa hiyo jina analoitwa shuleni linaelekeza kwa baba, wakati shamba analodai linaelekeza kwa mama.

Sasa fikiria kitabu chenyewe kilitoka wapi. Mtaguso wa Trento uliagiza maparoko watunze kumbukumbu za ubatizo na ndoa mwaka 1563. Uingereza ilikuwa imetangulia: mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na kitabu chake. Mwanakijiji wa kule anayetafuta mababu zake hushika jina la ukoo na kulipanda kama kamba, mwana hadi baba, baba hadi babu, mara nyingi ndani ya kanisa lile lile la mawe kwa karne tatu. Safu za kitabu zilipangwa na watu wa aina hiyo, kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Huku kwetu kamba hukatika kila kizazi. Mama ana jina la upande wa baba yake, bibi ana jina la upande wa baba yake yeye, na wote watatu, bibi, mama na mtoto, ni wa lukolo mmoja ambao kitabu hakina safu ya kuuandika.

Mzee hulijaza pengo hilo kwa kichwa chake, na hapo ndipo heshima yangu kwake ilipoanza.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, na Matombo mwaka 1897. Vitabu vyao vya mwanzo ni vya Kilatini, na majina ya wenyeji yaliingia humo kupitia masikio ya Kifaransa, kisha baadaye ya Kiholanzi. Mfaransa huandika "ou" mahali tunapoandika "u". Mzee hajui Kifaransa, wala hakihitaji. Akikwama kwenye jina halikodolei macho, analisoma kwa sauti. Analirudia polepole, anabadilisha mkazo, anarudia tena, mpaka sikio lake linakamata jina la Kiluguru lililofichwa mle ndani. Nilimsikia akilitamka jina moja mara sita. Mara ya saba akacheka kidogo na kusema, "Ah, kumbe ni wewe," kama mtu aliyefunguliwa mlango na ndugu yake.

Umri ni kazi nyingine. Kwa mtu aliyebatizwa ukubwani, padri aliandika mwaka wa kuzaliwa na kuweka mbele yake neno la Kilatini lenye maana ya "yapata". Mzee hulipima neno hilo kwa matukio. Je, familia inasema alizaliwa kabla ya vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905? Alikuwa akibebwa mgongoni Waingereza walipoingia Morogoro mwezi Agosti 1916? Wadogo zaidi huwauliza kama wanakumbuka vurugu za matuta, mwaka 1955, wakulima wa Matombo walipoukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta milimani. Mtu anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, lakini hasahau nani alikuwa amembeba siku watu walipokimbia.

Kitu alichonifundisha na ambacho sikukijua kabisa ni kusoma pambizo. Kuanzia Pasaka ya mwaka 1908 Kanisa lilitaka ndoa ya kila Mkatoliki iandikwe pembeni mwa rekodi yake ya ubatizo: na nani, lini, parokia gani. Mistari hii ni midogo, imebanwa, mara nyingine wino wake ni tofauti na mkono ni wa padri mwingine. Msomaji wa kawaida huiona kama uchafu wa ukurasa. Kwa anayefuata ukoo wa kike ni hazina. Binti alibatizwa Matombo, akaolewa Morogoro, na bila mstari ule angepotea, kwa kuwa watoto wake wamo katika kitabu kingine kabisa. Mzee hunakili pambizo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu.

Kisha hufunga kitabu na kutoka nje, maana nusu ya familia haimo humo. Miteremko ya mashariki ina Waislamu wengi, na nyumba moja inaweza kuwa na Maria na Mwanahawa waliozaliwa tumbo moja. Hapo huenda kwa wazee wa ukoo, kwa wanaojua makaburi yako chini ya mti gani. Huenda pia kwa watani. Koo za Waluguru zinataniana, na mtani ana kazi zake msibani. Kwa sababu hiyo hukumbuka mambo ya ukoo wa mwenzake ambayo wenye ukoo wenyewe wangependa yasahaulike. Mzee huwaamini watani kuliko wajomba. Mjomba ana shamba la kulinda.

Mtego mkubwa kuliko yote ni urithi wa majina. Mndewa mpya huchukua jina la aliyemtangulia. Kule Kinole, Kingalu, mtawala aliyejulikana kwa kuleta mvua, amekuwapo kizazi baada ya kizazi kwa jina lile lile. Ukisikia simulizi kwamba fulani alifanya hili na lile, huenda ni watu watatu waliorithiana. Mzee huuliza swali moja: "Huyo, mama yake ni nani?" Jibu likibadilika, anajua kwamba mtu naye amebadilika.

Wapo asioweza kuwafikisha mbali. Wamisionari waliwahamishia katika vijiji vya Kikristo watoto waliokombolewa utumwani Bagamoyo. Kabla yao, mtawala aliyeitwa Kisabengo aliijenga ngome yake pale ulipo mji wa Morogoro kwa kuwapokea watumwa waliotoroka. Wajukuu wa watu hao wakija, mzee huwaonyesha mstari wa kwanza unaoonekana na kuwaambia wazi kwamba hapo ndipo barabara inapoishia. Hatungi bibi ili kumfurahisha mgeni. Katika fani hii sijaona uaminifu mkubwa kuliko huo.

Siku hizi wengi humjia kwa sababu ya RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kupeleka cheti cha ubatizo kama kielelezo, basi hufika parokiani mbio, huchukua tarehe na jina la baba, na kuondoka. Mzee hawalaumu. Huwaomba jambo moja tu, nami naliomba kwako unayesoma: ukienda nyumbani likizo hii, chukua daftari, mkalie bibi yako karibu, andika jina la mama yake, la mama wa mama yake, na lukolo wao. Nenda mapema, angali anawakumbuka.