Jeti ya Masisi, Jeti ya Walikale

Ukikabidhiwa Yamaha AG 100 iliyolala ghalani miaka kumi, kishawishi cha kwanza ni rangi. Mwenye pikipiki akiona tangi linang'aa, hutoa malipo ya kwanza bila kunung'unika, na kila fundi analijua hilo. Lakini pikipiki hii itatoka Sake, Kivu Kaskazini, ipande Mushaki, ipite Masisi na Nyabiondo, kisha iteremkie msituni hadi Walikale. Kwa safari hiyo rangi ingoje.

AG ilitengenezwa kwa ajili ya kilimo, miaka ya 1970, kwa wafugaji wa Australia na New Zealand: watu wa matope, ng'ombe na umbali. Masisi nako ni matope, ng'ombe na umbali, ukiongeza jibini. Injini yake ni ya mapigo mawili, sentimita za ujazo 97, silinda yenye kipenyo cha milimita 52. Siku hizi barabara zimejaa TVS na Boxer za mapigo manne ambazo vipuri vyake havisumbui kupatikana, na simlaumu anayeiacha ya zamani ioze. Ila anayeamua kuifufua, aifufue kweli.

Pistoni ikiganda, wengi hukimbilia nyundo. Nyundo ibaki sandukuni. Fungua plagi, mimina dizeli na oili kidogo tunduni, uache siku mbili tatu. Kisha ingiza gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma, ulisukume mbele na nyuma taratibu. Gia ya juu inakupa nguvu nyingi zaidi juu ya kranki. Ya kwanza itakutoa jasho la bure.

Ikishazunguka, usifurahi bado. Injini ya mapigo mawili hupumulia tumboni: hewa, petroli na oili hupita kwanza kwenye nyumba ya kranki ndipo zipande kwenye silinda. Sili mbili za kranki ni sehemu ya pumzi hiyo, na mpira uliokaa bila kazi hukauka. Sili ya upande wa sumaku ikipasuka, injini huvuta hewa isiyo na petroli: unaachia mkono wa petroli, mzunguko unabaki juu, hautaki kushuka. Ya upande wa klachi ikipasuka, injini hunywa oili ya giaboksi: moshi mweupe hauishi, na oili ya gia inapungua bila tone kuanguka chini. Fundi asiyezijua dalili hizi atafungua kabureta asubuhi, mchana na jioni. Sili ni kipuri cha bei ndogo, na ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Silinda iliyoliwa na kutu huchongwa kwa hatua za robo milimita, 52.25, 52.50, na kupewa pistoni ya saizi hiyo. Mashine ya kuchonga haipandi mlima. Silinda ndiyo inayosafiri, imefungwa ndani ya gunia. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ni sehemu chache za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo anayepima kwa macho anakisia. Tena, baada ya kuchongwa, kingo za madirisha ya silinda huwa kali kama wembe. Zisipolainishwa, ringi hunasa humo na kuvunjika kabla hujafika mbali.

Sasa pampu ya oili, ambapo nagombana na mafundi wengi. AG ina tangi dogo la oili na pampu inayopeleka oili kwenye injini yenyewe. Pampu ikisumbua, dawa ya mitaani ni kuing'oa, kuziba tundu, na kuchanganya oili na petroli kwenye chupa. Barabara ikiwa tambarare, dawa hiyo inafaa. Lakini fikiria mteremko mrefu wa kutoka vilima vya Masisi kwenda Walikale. Umefunga mkono, gia inazuia mwendo, injini inazunguka kwa kasi huku ikipata petroli kidogo sana. Kama oili imo ndani ya petroli, nayo inafika kidogo vilevile. Pampu haifuati mkono peke yake. Hufuata pia mzunguko wa injini, hivyo huendelea kudondosha oili hata mkono ukiwa umefungwa. Aliyeing'oa ameondoa kile hasa ambacho mteremko huu unakidai. Na kama mchanganyiko wake umepimwa kwa jicho, kwa petroli ya kadhafi, muuzaji wa kando ya barabara, iliyotiwa mafuta ya taa, asishangae pistoni ikishika katikati ya msitu.

Urefu wa nchi nao una lake. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, vilima vya Masisi vinapita 2,000, Walikale iko chini ya 1,000. Kila ukipanda mita 1,000 hewa hupungua takriban asilimia 10. Kabureta haijui hilo. Pikipiki iliyozoea bondeni, ikifika juu hushiba petroli kupita kiasi, inakohoa, plagi inakuwa nyeusi. Fundi wa Masisi anaweka jeti ndogo, yaani tundu la petroli la kabureta lililo jembamba zaidi, mteja anasifu nguvu, anaondoka. Akishuka Walikale, hewa inakuwa nzito, jeti ni ileile ndogo, mchanganyiko unakosa petroli. Injini inapata joto huku ikiwa na nguvu za kudanganya. Ndiyo maana ningeweka jeti ya bondeni na kuvumilia moshi wa mlimani: injini iliyoshiba inachafuka, yenye njaa inayeyuka.

Mjini Nairobi, tangu 1970, kuna mashindano ya Concours d'Elegance ambako magari na pikipiki za zamani hukaguliwa usafi hadi uvunguni. Sina ugomvi nayo. Huko kila kilichotoka kiwandani kina alama zake. Barabarani Masisi mimi ningekihoji kila kimoja kina kazi gani. Kioo cha taa kisicho cha asili? Kipite. Kifuniko cha cheni? Hicho ningekipigania. AG imefunika cheni yake yote, na kwenye matope cheni iliyo wazi husagwa mapema pamoja na meno yake. Wengi hukitupa kwa sababu kinachelewesha kubadilisha tairi. Wanaokoa dakika chache, wanapoteza cheni.

  

Tuseme umefika Walikale. Katika mwendo wa kawaida, zima injini papo hapo ukiwa umeshika klachi, jiachie hadi usimame, fungua plagi. Kauri yake ikiwa kahawia, tafuta chakula. Ikiwa nyeupe kama chaki, umeshuka na jeti ya Masisi: itoe ile kubwa ya bondeni kwenye kiberiti ulikoihifadhi, na usipige kiki hadi umeibadilisha.